Nani Aliipa Majina Mifupa ya Tendaguru?

Hotuba niliyoitoa Lindi mjini mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi. Waliokosa kufika wameomba niiweke nzima, nami naiweka kama nilivyoisema, isipokuwa picha zilizooneshwa ukutani.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha: asalamu alaikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Naomba nianze na swali. Katika ukumbi huu, nani amewahi kumwona kwa macho yake mjusi wa Tendaguru? Anyooshe mkono.

Naona mkono mmoja. Mkono mmoja katika ukumbi mzima wa watu wa Lindi.

Mtoto wa Berlin akitaka kumwona, mwalimu anawapanga wawili wawili, wanaingia katika jumba la makumbusho liitwalo Museum für Naturkunde, na huyo hapo mbele yao. Amesimamishwa tangu mwaka 1937. Kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13 na ushee, yaani jengo la ghorofa nne. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kimo. Na mnyama huyu aliishi na kufa hapa kwetu, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Amechimbwa katika kilima cha Tendaguru, kilichopo kilomita 60 hivi kutoka hapa tulipo, ukielekea kaskazini magharibi.

Mimi nimesoma shule ya msingi katika mkoa huu huu. Nilimchora dinosaria kwenye daftari la sayansi, nikampaka rangi ya kijani, nikapata vema. Hakuna aliyeniambia kwamba mnyama yule ni wa Tendaguru. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, tayari nashika chaki, tena kwa kusoma gazeti kuukuu lililofungiwa vitumbua. Nililikunjua lile gazeti lenye mafuta nikalisoma nimesimama barabarani. Sijaisahau siku ile.

Sasa leo sikuja kuwasimulia ukubwa wake. Ukubwa wake mnaujua. Nimekuja kuzungumza juu ya jina. Nani alimpa jina? Alimpa jina la nani? Na wale waliomtoa ardhini, majina yao yalikwenda wapi?

Ninyi mnaujua uzito wa jina. Kwetu mtoto akifika siku ya saba anapewa jina, na mara nyingi jina hilo ni la babu au la bibi, ili mzee asipotee. Akiitwa mtoto, ameitwa na mzee. Basi shikeni hapo, maana wanasayansi nao hufanya vivyo hivyo kwa wanyama wa kale, na nani anarithiwa jina ni jambo kubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu hicho tunachokiita kisukuku. Mnyama anakufa, mto au bahari inamfunika kwa tope kabla fisi hawajamaliza kazi. Maji yenye madini yanapenya kwenye vitundu vidogo vidogo vya mfupa. Madini yanabaki, yanajaza, miaka inakwenda kwa maelfu na mamilioni, mpaka kilichokuwa mfupa kinakuwa jiwe lenye umbo la mfupa.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kipande cha ukubwa wa kibiriti. Darasa zima likasema ni jiwe tu. Nikakifuta kwa shati, nikakigusisha ulimini. Wakacheka, wakadhani mwalimu ameshindwa na njaa. Lakini kikanata. Ukigusisha ulimi kwenye jiwe la kawaida, ulimi unatoka. Ukigusisha kwenye mfupa wa kale, mara nyingi ulimi unanasa, kwa sababu vile vitundu vinafyonza mate. Wachimbaji wa visukuku duniani kote wanatumia ulimi. Nikakipitisha darasani, kila mmoja akakitazama kwenye mwanga: ndani mna vijishimo kama vya sifongo, na kila kijishimo kiliwahi kuwa ndani ya mnyama aliyekuwa akipumua. Lile darasa lilinyamaza. Walimu wenzangu mnajua ilivyo kazi kulinyamazisha darasa baada ya saa saba mchana.

Sasa nitawatoa Lindi kidogo, tutarudi.

Elimu hii ya viumbe wa kale, kama inavyofanywa leo, ilishika mizizi Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19. Pwani ya kusini ya Uingereza kuna mji mdogo uitwao Lyme Regis. Mwaka 1799 alizaliwa pale binti wa fundi seremala, Mary Anning. Baba yake alikufa mwaka 1810, akaiacha familia katika madeni. Wakaishi kwa kuokota visukuku kwenye magenge ya bahari na kuviuza kwa watalii. Mwaka 1811 kaka yake aliona fuvu kubwa kwenye mwamba, na mwaka uliofuata Mary akaufuatilia mwili wenyewe mpaka akaupata. Alikuwa na miaka 12 au 13. Wanangu wa darasa la saba, mnasikia? Umri wenu. Mnyama yule akaja kuitwa ikthiosaria, yaani samaki-mjusi, na waliomwita hivyo walikuwa mabwana wa London.

Mwaka 1823 binti huyu akatoa mifupa ya mnyama mwingine wa baharini, mwenye shingo ndefu kama nyoka aliyepitishwa ndani ya kobe. Mwaka 1824 mnyama yule akapelekwa mbele ya Chama cha Jiolojia cha London, akaelezwa, akachorwa, akasifiwa. Aliyemchimbua hakutajwa. Hakuwemo hata chumbani, maana chama kile hakikupokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1919, na Mary alishakufa tangu 1847. Ni kweli kwamba akiwa hai mwanasayansi wa Uswisi, Louis Agassiz, aliwapa samaki wawili wa kale jina lake, na kwa hilo namshukuru. Lakini ikthiosaria, mnyama aliyemtoa Mary utotoni, spishi mojawapo ilikuja kuitwa kwa jina lake mwaka 2015. Miaka 168 kaburini.

Kwa nini nawaletea habari za Mwingereza? Kwa sababu nataka mjue ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Palipo na anayechimba na anayeandika, anayeandika ndiye anayekumbukwa.

Na huyo anayeandika naye hukosea. Daktari mmoja wa Sussex, Gideon Mantell, mwaka 1825 alitangaza mnyama aliyemjua kwa meno tu. Meno yalifanana na ya mjusi aitwaye iguana, akamwita Iguanodon, jino la iguana. Katika mifupa iliyopatikana baadaye palikuwa na mmoja kama pembe, wakauweka puani, kama kifaru. Ukakaa puani miaka na miaka. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, wakakuta mifupa mingi ya mnyama huyo huyo ikiwa imekamilika, ndipo ikajulikana kuwa ile pembe ni kidole gumba. Pembe ikashushwa mkononi. Jina je? Jina halikubadilika.

Mwaka 1842 Mwingereza mwingine, Richard Owen, aliwakusanya wanyama watatu wa namna hii, akatunga neno Dinosauria, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Ndiyo maana hata sisi tunasema mjusi wa Tendaguru. Mjusi si babu wala mjukuu wake, ndege ndio damu yake hasa. Kuku anayeparua kule nje ni jamaa wa karibu wa dinosaria kuliko kenge. Lakini jina likishaingia vinywani, limeingia.

Kumbukeni hilo: jina likishaingia, limeingia. Sheria ya kimataifa ya majina ya wanyama inasema hivyo. Jina la kwanza lililochapishwa ipasavyo ndilo linalosimama. Hulifuti kwa sababu limekuudhi.

Turudi nyumbani.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni ya uchimbaji, alipita njia ya miguu karibu na kilima cha Tendaguru. Jina hilo, kwa Kimwera, husemwa lina maana ya kilima chenye mwinamo mkali. Njiani akaona mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Vitabu vinasema Sattler aligundua. Mimi nauliza hivi: ile njia ilikuwepo kwa nyayo za nani? Nani alikuwa akipita pale kwenda shamba, kwenda kisimani, kwenda harusini, kabla Sattler hajazaliwa? Mfupa mnene kuliko gogo la mbuyu mchanga haufichiki kwa mtu anayelima.

Mwaka 1907 akaja profesa kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas. Alikuwa mgonjwa, tumbo la kuhara damu limemdhoofisha, lakini akafika, akachukua mifupa, akarudi nayo kwao. Mwaka 1908 akatoa majina: Gigantosaurus africanus na Gigantosaurus robustus. Mjusi jitu wa Afrika, na mjusi jitu mwenye nguvu. Kumbe Gigantosaurus lilikuwa tayari limetumika Uingereza tangu 1869. Sheria ya jina la kwanza ikamkata. Mmoja leo anaitwa Tornieria, kwa heshima ya Gustav Tornier, na mwingine anaitwa Janenschia, kwa heshima ya Werner Janensch. Wajerumani wote wawili.

Lakini naomba tusimame kwanza kwenye huo mwaka 1907. Wazee wangu, mwaka huo nchi hii ilikuwaje? Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 kule Umatumbi, vikaenea kusini yote. Mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mabibi waliiona miaka ile. Moshi haujakaa sawa, ndipo mwaka 1909 ikafika misheni kubwa ya kisayansi kutoka Berlin, ikiongozwa na Janensch na Edwin Hennig, ikatangaza kazi ya kulipwa. Mtu ambaye ghala lake limechomwa akisikia kuna mshahara, atauliza mara mbili?

Walianza kama 170. Mwaka uliofuata wakawa 400. Mwaka 1911 walifika 500. Wake na watoto wakawafuata, kikawa kijiji kizima juu ya kilima, na kwa misimu minne, mpaka 1913, walichimba. Naomba muione ile kazi. Sururu na majembe kwa tabaka la juu. Ukikaribia mfupa unaweka sururu chini, unashika kisu, unashika brashi, unapiga magoti. Mfupa wa paja ni mrefu kukuzidi, lakini una nyufa kama chungu kilichopata moto, ukiuvuta kwa pupa unabaki na changarawe mkononi. Unausafisha upande mmoja. Unaufunika kwa plasta au udongo. Unaukata chini yake polepole kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala chini ya mama yake. Kisha unapasua mianzi, unaufungia mfupa ndani, unakaza kamba, mpaka unakuwa kama ngoma ndefu.

Ufundi wa ile mianzi, wanangu, haukutoka Berlin.

Halafu kuubeba. Punda hakuwezekana, ng'ombe hakuwezekana, kwa ajili ya mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Siku nne hivi kwa miguu kutoka Tendaguru mpaka bandari yetu hii, mzigo kichwani, na ile mikubwa inaning'inizwa kwenye miti, wanaume wengi chini yake. Wakifika wanapumzika, wanarudi kufuata mwingine. Misafara ilikwenda na kurudi kwa miaka minne, mizigo zaidi ya 5,000, na jumla ya mifupa ikazidi tani 200. Kila mfupa mnaouona ule umesimama Berlin umepita juu ya utosi au bega la mtu wa huku. Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wangoni. Umeshuka bondeni, umepanda, umepitishwa mitaa hii ya Lindi, ukapakiwa melini.

Katika watu wote hao, msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani.

Semeni nami: Boheti bin Amrani.

Picha zake zipo. Yeye ndiye aliyewasimamia wachimbaji, na alikuwa na jicho na mkono wa kazi ile kiasi kwamba mapande magumu aliachiwa yeye. Sikilizeni hesabu: palikuwa na wataalamu wawili watatu wa Kijerumani, na machimbo yaliyotawanyika kwa kilomita nyingi. Hakuna profesa anayeweza kuwepo mashimo kumi kwa wakati mmoja. Basi mara nyingi wa kwanza kuuona mfupa, wa kwanza kuujua kuwa huu ni wa mgongo na huu ni wa mkia, alikuwa mtu wa Boheti. Hiyo ni elimu. Kwamba haikuandikwa kwa mkono wao haiifanyi isiwe elimu.

Mifupa ikafika Berlin, makasha yakafunguliwa, majina yakaanza kutoka. Yasikilizeni.

Mwaka 1914, yule mkubwa kuliko wote akaitwa Brachiosaurus brancai. Brancai ni Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa jumba la makumbusho, aliyehangaikia fedha. Mwaka huo huo, Dicraeosaurus hansemanni, kwa David von Hansemann aliyeongoza kamati ya kuchangisha. Dicraeosaurus sattleri, kwa Sattler. Mwaka 1915, Kentrosaurus aethiopicus, mwenye miiba mgongoni, huyu alibahatika kutokuwa na jina la mtu. Mwaka 1920, Elaphrosaurus bambergi, mwepesi wa mbio, kwa Paul Bamberg, tajiri aliyechangia.

Sisemi hawa hawakustahili shukrani. Aliyetoa fedha ametoa, na Janensch alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuieleza mifupa hii, mmoja mmoja, kwa uaminifu ambao mpaka leo wanasayansi wanautegemea. Nauliza tu: katika orodha ile, Boheti yuko wapi?

Na kuna moja nimelirukisha kwa makusudi, kwa sababu kila nikilifikia sauti yangu hubadilika. Mwaka 1919 mnyama mdogo wa Tendaguru, mwenye miguu ya mbio, aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Sehemu ya kwanza, kwa Kigiriki, ni mjusi asiyekamatika kwa urahisi. Sehemu ya pili ni Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyesifiwa kwao kwa sababu Waingereza walimfukuza miaka minne wasimkamate.

Alikuwa hakamatiki, ni kweli. Lakini alikuwa anakimbilia wapi? Alikuwa anakimbilia kwenye mashamba ya babu zetu. Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, hapa hapa mkoani kwetu, siku nne. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji, na yote mawili yalichukua wanaume kuwa wapagazi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa kuhara, kwa kuchoka. Huenda baadhi yao ni vichwa vile vile vilivyobeba mifupa ya Tendaguru. Vita vikaisha mwaka 1918, na mwaka uliofuata, watu wa huku bado wakizika, mnyama wa ardhi yao akapewa jina la jemadari. Na sheria nimeshawaambia: jina la kwanza linasimama. Lipo mpaka leo. Mwanafunzi akilisoma kitabuni atalisoma hivyo hivyo. Ninachotaka mimi ni mwanafunzi huyo, akilisoma, ajue na Mahiwa.

Ila msikate tamaa, maana upande wa pili wa jambo hili ndio ulionifanya niombe nafasi ya kusema leo.

Kabati za makumbusho zina mifupa mingi ambayo haikuwahi kuchunguzwa vizuri. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Berlin, Kristian Remes, alichunguza upya vipingili viwili vya shingo vilivyotoka Tendaguru. Akaona si vya mnyama aliyekwisha kujulikana. Akampa jina: Australodocus bohetii.

Bohetii. Kwa i mbili. I ya kwanza ni yake mwenyewe, Boheti, na i ya pili ndiyo ya Kilatini yenye maana ya "wa". Australodocus wa Boheti. Karibu miaka 100 baada ya kuweka chini sururu, Boheti bin Amrani kapata siku yake ya saba.

Na sheria ni ile ile! Jina likishaingia, limeingia. Hakuna awezaye kulifuta. Maprofesa wa Chicago, wa Beijing, wa Buenos Aires wakitaka kuandika juu ya mnyama huyu, hawana njia nyingine, ni lazima waandike jina la Boheti.

Mwaka 2019 likafuata lingine: Wamweracaudia keranjei. Mzee wangu Mmwera pale, umesikia? Wamwera. Cauda ni mkia kwa Kilatini. Mkia wa Wamwera, na keranjei ni Mohammadi Keranje, mmoja wa wale wale wachimbaji. Naye yule mkubwa, wa ghorofa nne? Mwaka 2009 ilioneshwa kwa hoja za kina kwamba hakuwa wa jenasi moja, yaani kundi moja la jamaa wa karibu, na Brachiosaurus wa Marekani, akahamia jina lililopendekezwa mwaka 1988, Giraffatitan. Twiga jitu. Brancai limebaki nyuma yake kwa sheria, lakini mbele kuna twiga, na twiga ni nembo yetu.

Halafu kuna majina haya ambayo ninawaomba wanafunzi wa kidato cha kwanza wayatafsiri, maana huko nje maprofesa hulazimika kueleza maana yake kwa aya nzima. Asilisaurus kongwe, mwaka 2010, kutoka bonde la Ruhuhu. Mnahitaji kamusi? Shingopana songwensis, 2017, wa Songwe. Nani hajui shingo pana? Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno kama ya paka, na spishi yake kapilimai, kwa heshima ya mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Saidi Kapilima. Nundasuchus songeaensis. Bibi zenu wamewatisha na nunda, basi ndiye huyo. Mnyamawamtuka moyowamkia, 2019, mnyama wa mto Mtuka, ambaye kipingili chake cha mkia kina umbo la moyo. Na Mambawakale ruhuhu, aliyechimbwa mwaka 1963, akakaa kabatini Uingereza karibu miaka 60, akapewa jina mwaka 2022. Mamba wa kale wa Ruhuhu.

Wiki iliyopita niliyaandika majina haya ubaoni bila maelezo. Binti wa mbele kabisa, kimya kimya, akaanza kuyakata kwa kalamu kwenye daftari: mnyama, wa, Mtuka, moyo, wa, mkia. Alipomaliza akainua kichwa, akasema, "Mwalimu, hili si ni Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Akauliza, "Kwa hiyo mimi naweza kumpa jina?"

Anaweza. Ruhuhu bado kuna mifupa. Songwe na Rukwa bado kuna mifupa. Tendaguru yenyewe haijaisha. Anachohitaji ni elimu ya jiolojia, na anatomia, na maabara, na serikali na sisi wazazi tusiomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Najua mtaniuliza: je, mjusi arudi? Swali hili limefika mpaka bungeni. Mimi ningependa mtoto wa Mipingo asihitaji viza kumwona mnyama wa kijijini kwake, na sioni aibu kulisema hilo. Lakini hata kabla hajarudi, au asiporudi, kuna vitu havijaenda Berlin, navyo vinapotea hapa hapa kwetu tukitazama.

Cha kwanza ni vipande vilivyobaki ardhini. Ukikiona kipande, ugusishe ulimi ukitaka, kisha ukiache pale pale. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale. Kile cha mwanafunzi wangu tulikirudisha mahali kilipotoka, tukaandika. Mfupa ukishatolewa mahali pake bila kuandikwa umeshapoteza nusu ya habari yake, na kuutoa shimoni kumpelekea mtu anayeuza ni wizi, na sheria inakataza.

Cha pili ni majina. Nimewatajia wawili, Boheti na Keranje. Wachimbaji walikuwa 500. Wapagazi walikuwa wengi zaidi. Watoto wao wamekufa, wajukuu wao ni wazee, na baadhi yao wamo humu ndani. Pale mlangoni, kwenye meza, nimeweka daftari jeusi la kurasa 200 na kalamu mbili. Kama kwenu paliwahi kusemwa kwamba babu au bibi wa bibi alikuwa Tendaguru, alichimba, alibeba, alipika, aliimba, njoo uandike jina lake, jina la baba yake, na kijiji. Asiyeandika, binti wangu pale atamwandikia.

Mzee wa safu ya pili mwenye barakashia ya kahawia amenyoosha mkono tangu nilipowataja wapagazi, nami nikawa nampa ishara asubiri. Nisamehe, baba. Mpeni kipaza sauti. Tunakusikiliza.